Mwiko wa Mti wa Mpera

Maduhu alirudi nyumbani Samuye akiwa na begi moja la mgongoni na kikohozi. Siku alipoondoka alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye kifua cha kubeba gunia la pamba bila kuguna, na alimwahidi mkewe Vumilia kwamba angekaa kwenye machimbo ya Geita misimu miwili tu, apate ng'ombe wa kuanzia maisha. Misimu miwili ikazaa miaka kumi na minne. Alitoboa mwamba ndani ya maduara, yale mashimo marefu ambayo wachimbaji wadogo hushuka kwa kamba, na magoti yalipochoka akahamia juu kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kote huko alivuta vumbi jeupe, laini kama unga wa sembe. Walikuwa wakifunga vitambaa puani na kuvilowesha maji asubuhi. Ikifika saa nne vitambaa vimekauka, na hakuna aliyekumbuka kuvilowesha tena.

Kikohozi kilipomzidi, dispensari moja huko huko machimboni ilimpa dawa za kifua kikuu. Akazimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja. Alikonda, akakosa hamu ya kula na usingizi, kikohozi kikabaki. Ndipo akaona bora arudi kwao. Mdogo wake Mwigulu, ambaye yeye mwenyewe alimchukua kutoka kijijini na kumpeleka machimboni, alimsindikiza hadi kwenye gari, akampandishia begi, akasema, "Nenda ukapumzike, kaka. Mimi nikimaliza duara hili nakuja."

Aliyemwambia ukweli alikuwa daktari mmoja mwanamke, Shinyanga mjini. Aliinua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kumwuliza.

"Baba, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Machimbo, daktari. Geita."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Daktari akaishusha picha. Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba vumbi la mawe limeingia kwenye mapafu na kuyakakamaza, na kwamba lililokwisha kuingia halitoki.

"Na dawa?" Maduhu akauliza.

"Dawa ya kulitoa hakuna. Tutakusaidia upumue, na ukipata homa ya mapafu uje haraka tuitibu. Utakuja kila mwezi tukuangalie. Lakini kuna jambo moja ni lako wewe. Kaa mbali na vumbi na moshi. Vumbi lolote."

Maduhu akaitikia. Alirudi nyumbani akamsimulia Vumilia yote, na Vumilia, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akahamisha jiko lake la mafiga kutoka kando ya nyumba hadi nyuma ya zizi, ambako upepo hauleti moshi.

Ilikuwa hivyo. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na hakuna kazi aliyoweza kuifanya. Binti yao Blessing alikuwa shule ya bweni. Vumilia alilima pamba na viazi, akachunga ng'ombe wanne, akakata viazi kuwa michembe na kuianika, na Maduhu alikaa kwenye kiti kibarazani akimwona anapita. Siku moja mkewe alirudi kisimani na ndoo kichwani, akasimama mlangoni kungoja mtu wa kumtua, kama ilivyo desturi. Maduhu akainuka, akaishika ndoo kwa mikono miwili. Pumzi ikakata kabla ndoo haijafika chini. Maji yakawamwagikia wote wawili. Vumilia akachukua ndoo akarudi kisimani. Tangu hapo hakusimama tena mlangoni; alijifunza kujitua mwenyewe kwa kupiga goti moja. Hilo la goti lilimuuma Maduhu kuliko kikohozi.

Kutoka hospitali hadi kwenye magari ya Samuye ni mwendo mfupi kwa mtu mzima wa afya. Maduhu alipumzika mara tatu. Pumziko la tatu lilikuwa mbele ya kibanda cha Akida.

Akida alikuwa mchonga vinu. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani akaona Shinyanga panafaa, na ukoo ukabaki. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye kofia ya kufuma, mwenye maneno mengi na majivuno yasiyomdhuru mtu. Alichonga vinu, michi, miiko na vigoda, na redio yake ilikuwa ikitangaza mpira hata siku ambazo hakuna mpira.

"Shikamoo, fundi. Naomba nikae kidogo," Maduhu alisema mara ya kwanza.

"Marahaba. Unahema kama uliyekimbizwa na fisi."

"Nimetoka hospitali tu hapo."

Akida akamsogezea gogo la kukalia. Alikuwa akichonga mwiko, na Maduhu akatazama jinsi kisu kilivyokuwa kikiondoa utepe mwembamba wa mti, utepe ukajikunja na kuanguka, ukafuata mwingine. Alitazama mpaka pumzi ikarudi na akasahau kuondoka. Akida akachoka kutazamwa.

"Mimi si televisheni, bwana. Shika hiki." Akampa kipande cha mti na kisu kifupi. "Kata kwa kuondoka kwako, siyo kwa kujia kwako."

Mikono ya Maduhu ilikuwa imezoea nyundo na mtaimbo. Kisu kile kilikuwa kidogo kwake kama sindano kwa mfinyanzi. Alikata mara tatu, mara ya nne akajikata kidole gumba. Akida akakiosha kidole, akakifunga kwa kitambaa, akasema bila kucheka, "Haya. Sasa umeandikishwa shule."

Hivyo ndivyo Maduhu alivyoanza kujifunza kuchonga. Hakutafuta ufundi wa kuuza. Alitaka kitu cha kufanya na mikono yake siku ambazo miguu na kifua vimekataa. Kila mwezi, akitoka kwa daktari, alipita kwa Akida na kile alichokiharibu mwezi mzima, Akida akamwonyesha alipokosea, naye akarudi Samuye kwenda kukosea pengine.

Mwiko wa kwanza aliuchonga kwa tawi la mwarobaini, kwa sababu mwarobaini ndio uliokuwa karibu na kiti chake. Ulimchukua wiki tatu. Ulikuwa mnene, umepinda kama mguu wa mbuzi, lakini ulikuwa mwiko. Vumilia akausongea ugali. Walipoanza kula, akatafuna, akautazama mwiko, akatafuna tena.

"Baba Blessing, mti huu ni upi?"

"Mwarobaini."

"Nilijua. Leo tumekula na malaria tumetibu."

Akacheka. Maduhu alikuwa hajamsikia akicheka tangu arudi. Alikula ugali wote ule mchungu, akaramba na vidole.

"Mwarobaini!" Akida alisema mwezi uliofuata, akashika kichwa. "Una mti gani mwingine pale kwako?"

"Kuna mpera, mkubwa, umezeeka."

"Basi una hazina. Kata tawi nene kama paja la mtoto, ulipasue katikati, utoe kiini. Ukiacha kiini, mti utapasuka wenyewe kwa hasira."

Maduhu hakuweza kukata tawi. Vumilia ndiye aliyepanda na panga jioni moja baada ya shamba, Maduhu amesimama chini akielekeza, akijua kwamba mkewe hahitaji kuelekezwa. Maduhu alipasua tawi kwa kupumzika baada ya kila pigo. Alidhani ametoa kiini. Mwiko wa pili ukapendeza kwa siku nne, siku ya tano ukatoa mpasuko kutoka kwenye kichwa hadi shingoni. Wa tatu ulivunjika mkononi, kwa kuwa alikata shingo akiupinga uelekeo wa nyuzi za mti. Vipande aliviweka vyote kwenye kiroba akampelekea Akida, naye akavipanga chini kimoja baada ya kingine kama mganga anayesoma kokoto.

"Huu ulikuwa na haraka. Huu ulikuwa na nguvu. Mti hautaki nguvu, unataka uusikilize nyuzi zinakwenda wapi."

"Nguvu mimi sina, fundi."

"Basi Mungu amekupunguzia kosa moja."

Wa nne ndio uliokuwa mzuri. Maduhu mwenyewe alishangaa. Shingo ilikuwa nyembamba na imenyooka, kichwa kipana, umekaa mkononi vizuri. Kilichobaki kilikuwa kuulainisha. Akida alimpa kipande cha msasa, akamwonyesha jinsi ya kusugua kwa kufuata nyuzi, mbele na nyuma, mpaka mti ung'ae. Maduhu akautunza ukauke wiki mbili, kisha akakaa kibarazani, akasugua asubuhi nzima. Unga mwepesi wa rangi ya waridi ukamjaa mapajani. Alifurahi. Ni kweli alifurahi, na katika furaha ile hakuwaza kitu. Ilipofika mchana alianza kukohoa, kikohozi kikakataa kukatika, midomo ikageuka rangi. Vumilia aliitwa kutoka shambani. Alimkuta ameinama mbele, mikono magotini, mwiko uko chini kati ya miguu yake.

Alilazwa siku nne na mpira wa hewa puani. Daktari yule yule alimwuliza kwa upole alikuwa akifanya nini, na Maduhu akaona aibu kama mtoto aliyeiba sukari.

Akida alikuja siku ya tatu na machungwa kwenye mfuko. Kofia ameivua, ameishika mkononi. Hakuwa na redio wala majivuno.

"Nimefundisha watu kumi na mmoja," alisema. "Hakuna niliyemwuliza habari ya kifua chake. Nisamehe, ndugu yangu."

"Na mimi sikukwambia. Daktari ameshaniwekea mwiko siku nyingi."

"Mwiko gani?"

"Vumbi."

Neno lile la mwiko lilitua kati yao, na wote wawili wakazisikia maana zake mbili. Maduhu akaanza kucheka, cheko likageuka kikohozi, muuguzi akaja akamtoa Akida nje.

Pengine hadithi ingeishia hapo, kwani Vumilia alikichukua kisu na msasa akavificha. Lakini alipoona siku zinapita na mumewe amerudi kukaa kibarazani akitazama mikono yake, alikirudisha kisu mwenyewe. Msasa aliutia motoni.

Maduhu alikuwa amewaza jambo. Mwezi uliofuata alimwambia Akida, "Fundi, kule machimboni tulikuwa tukilowesha vitambaa. Shida ni kwamba vilikauka. Sasa mti ukiwa mbichi, una maji yake ndani. Unatoa vumbi?"

"Mti mbichi unatoa maranda, hautoi vumbi. Lakini mwiko usiopigwa msasa si mwiko, ni kijiti."

"Je, ukimaliza kila kitu kwa kisu, mti ungali mbichi?"

Akida akataka kubisha, maana kubisha ndiyo desturi yake. Kisha akachukua kipande kibichi akajaribu. Alivunja chupa, akachagua kigae chenye makali, akaukwangua nacho mti ule wenye maji. Zikatoka nyuzi laini zilizoshikamana kama ukoko wa uji, hakuna kilichoruka. Mti ukabaki laini. Akaugeuza na kuugeuza.

"Miaka thelathini," alisema polepole, "nimekuwa nikila vumbi bure."

Ukawa ndio utaratibu wa Maduhu. Tawi likatwe asubuhi, lipasuliwe, kiini kitolewe chote, kazi ifanyike kwa kisu kilichonolewa sawasawa, ikwanguliwe kwa kigae, kisha mwiko ufukiwe kwenye maranda yake wenyewe ndani ya kiroba ili ukauke taratibu usipasuke. Mwisho kabisa upakwe mafuta ya pamba. Alikata mara ishirini, akapumzika. Mara ishirini, akapumzika. Baada ya miezi kadhaa ikawa mara kumi na tano. Hakumwambia mtu kwamba anahesabu.

Miiko mitatu ilikaa jikoni kwa Vumilia. Haikuwa mizuri, ila haikupasuka.

Mwaka huo, wakati wa kuvuna pamba, Mwigulu alikuja. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kufika, ana watoto watatu na mkewe Asteria huko Geita, na alikuja kwa siku mbili tu kumwona kaka yake. Aliingia uani asubuhi akiwa amevaa koti jipya, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kabla Maduhu hajaitikia, mdogo wake akageuza uso pembeni, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mara mbili, halafu kimya. Maduhu alikifahamu. Alikuwa nacho kile kile miaka mitano kabla ya kurudi nyumbani. Akakiweka kisu chini kwenye maranda.

"Umeanza lini hicho?" aliuliza.

"Kipi? Mafua tu, kaka. Ni baridi ya njiani."

Hakukuwa na baridi yoyote. Maduhu hakubisha wakati ule. Walikaa, Vumilia akaleta uji na michembe, wakazungumza habari za watoto na za mvua. Mwigulu alimwona kaka yake akichonga akacheka kwamba amekuwa bibi wa kufuma vitambaa. Akauliza inafanywaje. Maduhu akampa kisu kingine na kipande cha mpera, akamweleza maneno yote ya Akida.

Mwigulu hakujikata. Alikishika kisu kama mtu anayeshika kijiko chake cha kila siku. Alikigeuza kipande mara moja kukitazama nyuzi, akaanza, huku mdomo ukiendelea na hadithi za machimbo, na mti ukamtii. Kufika saa kumi alikuwa ametoa mwiko ambao Maduhu hakuwahi kuuota: mwembamba, mwepesi, na mwisho wa mpini ameuchongea kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu, kwa mikato sita tu. Hakuuona kama kitu. Aliutupa kwenye mkeka akanyoosha mgongo.

Maduhu aliuokota. Alijaribu kuona wivu, akashindwa.

"Mwigulu. Baki hapa."

"Nibaki wapi?"

"Hapa, Samuye. Nina fundi mjini, nitakupeleka kesho. Mkono huu ulionao, mimi nimetafuta mwaka mzima sijaupata hata robo."

"Kaka, miiko hailishi watoto watatu."

"Twende basi hospitali tu. Wakupige picha. Wakisema ni mafua, nenda zako."

Mwigulu akatazama chini. Alijua, na Maduhu akaona kwamba anajua. "Wakisema si mafua, nitafanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe walikuambia. Wamekupa dawa gani?"

Maduhu alikuwa na maneno mengi usiku na mchana, kuhusu vumbi, kuhusu kuondoka mapema kabla mapafu hayajakakamaa yote, kwamba anayetoka leo si sawa na anayetoka miaka mitano ijayo. Aliyasema yote, vibaya, kwa kukatwa na pumzi kila sentensi. Alisema hata lile ambalo hakuwahi kulisema: "Ni mimi niliyekupeleka. Nakuomba kama mkubwa wako."

"Ulinipeleka kwa wema, kaka."

Kesho yake asubuhi Mwigulu akaondoka na koti lake. Mwiko aliuacha.

Maduhu aliupeleka kwa Akida mwezi ule. Hakutaka kudanganya, ila hakusema kitu, aliuweka tu mezani kati ya miiko yake miwili. Akida akauchukua, akavaa miwani, akazima redio.

"Huu si mkono wako."

"Wa mdogo wangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika kisu."

"Usinitanie."

"Kweli tupu."

"Mlete basi. Mimi sina mtoto aliyetaka kazi hii. Mlete, nitampa banda hili nusu, nitampa zana. Mwambie ni Akida anasema."

Maneno yale yakamwingia Maduhu kama homa. Alimpigia Mwigulu simu mara mbili, mara tatu, ama haipatikani, ama anapokea katikati ya mngurumo wa karasha na hasikii kitu. Alhamisi moja Vumilia akiwa mnadani, Maduhu alivaa shati la kanisani, akatia mwiko wa ndege kwenye mfuko wa plastiki, akatoka. Alidhani akimsimamia uso kwa uso, na kumwambia kuna banda na zana zinamsubiri, atakubali. Hakumwambia mkewe kwa sababu alijua angemzuia, na angekuwa na haki.

Gari alilolipata liliishia Isaka. Pale ilimpasa ashuke, avuke barabara, atembee kidogo hadi yanaposimama magari ya Kahama, na huko Kahama abadilishe tena la Geita. Alishuka. Malori ya mizigo yalikuwa yakitoka bandari kavu, moja nyuma ya jingine, na mavumbi yamesimama hewani kama pazia. Akafunika pua kwa mkono wa shati. Akaenda hatua ishirini, akasimama. Hatua kumi na tano, akasimama. Akaona magari ya Kahama pale ng'ambo, aliona hata kondakta akinyoosha mkono kumwita, na miguu ikakataa. Akashika nguzo ya kibanda cha chakula.

Mwenye kibanda, mwanamke aitwaye Mwahija, alimtoa kwenye nguzo, akamkalisha ndani, akamfunika uso kwa kanga iliyoloweshwa maji.

"Unakwenda wapi katika hali hii, baba?"

Maduhu akaonyesha kwa kidole upande wa magharibi. Sauti ilikuwa haipo.

"Hufiki," Mwahija alisema, siyo kwa ukali. Akachukua simu kwenye mfuko wa shati la Maduhu, akatafuta jina, akapiga lililoandikwa Mama Blessing.

Vumilia alifika kwa bodaboda, mavumbi hadi kwenye nyusi. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya sufuria za wali, mfuko wa plastiki mapajani. Hakumgombeza. Alimshukuru Mwahija, "Wabeja, dada, wabeja sana," kisha akakaa kando ya Maduhu kungoja gari dogo la kuwarudisha.

"Ungeniambia," alisema hatimaye, "ningekwenda mimi."

Na kweli alikwenda. Baada ya wiki mbili, michembe ilipokauka, alisafiri siku nzima, akamkuta Mwigulu, akampa ujumbe wa Akida neno kwa neno. Mwigulu alimpokea vizuri, Asteria akachinja kuku. Mwigulu alisikiliza kwa heshima. Akasema atafikiri. Vumilia alilala kwao, akasikia kikohozi kupitia ukuta wa udongo, akarudi Samuye akamweleza Maduhu mambo yote isipokuwa hilo, na Maduhu hakuliuliza.

Mwigulu mwenyewe alipiga simu Jumapili asubuhi. Safari hii palikuwa kimya nyuma yake.

"Kaka, shemeji alifika. Mwambie yule fundi nimeshukuru. Nitakuja."

"Lini?"

"Nikimaliza duara hili. Tumebakiza kidogo tu, mwamba wenyewe unaonyesha."

Maduhu alifumba macho. Alitaka kumwambia kwamba duara haliishi, kwamba yeye alibakiza kidogo tu kwa miaka kumi na minne. Alivuta pumzi ya kuyasema hayo, na pumzi haikutosha. Kule upande wa pili Mwigulu akangoja, akakohoa kidogo, akasema, "Pumzika, kaka, usijichoshe," na simu ikakatika.

Vumilia alikuwa akipita na jembe begani.

"Nani?"

"Mwigulu."

"Anasemaje?"

"Anasema anakuja."

Vumilia akasimama. Alimtazama mumewe, akatazama kipande cha mpera kilichokuwa kimeegemezwa kwenye goti lake. Siku hizi kilikuwa kikimteleza, kwani mkono wa kushoto haukuwa na nguvu ya kukibana tena, na kilikuwa kimelala hivyo tangu Ijumaa, kimeanza kukauka upande mmoja. Shamba lilikuwa likimsubiri na jua lilikuwa limeshapanda. Aliegemeza jembe ukutani, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya kiti, akachovya mikono kwenye ndoo, akakilowesha kile kipande, akakishika kwa mikono miwili, barabara.

"Haya," alisema. "Kata."

Maduhu akashika kisu. Alikata mara nane, akapumzika, na Vumilia akangoja bila kukiachia kipande.